Mzigo Wake, Mzigo Wetu: Je, Tunamsaidia Mkulima au Tunamfunga?

Masomo: Wagalatia 6:2-5, Mwanzo 47:13-26, Ruthu 2



Juma hili nataka tukae na swali ambalo limekuwa likizunguka katika ushirika wetu wa nyumbani, tangu tuanze kuchanga chakula cha jamaa zetu walio mashambani. Wako wanaosema tuendelee kutuma mahindi kila msimu, kwa sababu njaa haingoji. Wako wanaosema imetosha, watu wajifunze kujitegemea. Kila upande una Biblia mkononi, na kila upande una mstari wake.

Hili si swali la kamati ya maendeleo peke yake. Wengi wetu hapa tuna mama, mjomba au ndugu aliye na ekari moja au nusu ekari huko nyumbani. Kila mwezi tunatuma M-Pesa. Mwezi wa tatu tunatuma ya mbegu na fatalaiza. Mwezi wa tano tunatuma ya unga. Mwaka unaofuata tunaanza tena pale pale. Sasa tujiulize mbele za Mungu: huu msaada unamwinua huyu mtu, au unamfunga?

Mistari miwili, mizigo miwili

Paulo, katika Wagalatia 6:2, anatuagiza tubebeane mizigo, na kwamba tukifanya hivyo tunaitimiza sheria ya Kristo. Lakini hata kabla wino haujakauka, katika mstari wa 5, anasema kila mtu ataubeba mzigo wake mwenyewe. Je, Paulo amejisahau?

Hajajisahau. Katika Kiyunani ametumia maneno mawili. Mzigo wa mstari wa 2 ni *baros*, uzito unaomlemea mtu mpaka magoti yanapinda. Mzigo wa mstari wa 5 ni *phortion*, furushi ambalo msafiri hubeba mwenyewe, linalomtosha mgongoni. Ule wa kwanza mtu akiachiwa peke yake utamwua. Huu wa pili ukimpokonya, umemwondolea safari yake.

Mkulima mdogo anayo yote mawili. Mvua ikikosa misimu miwili mfululizo, hilo ni *baros*. Viwavijeshi vamizi walipoingia mashamba ya Kenya mwaka 2017 na kula mahindi hadi kwenye moyo wa mmea, hilo lilikuwa *baros*; hakuna mama mmoja na jembe lake angeweza kuwamaliza. Lakini kuamua apande nini, ahifadhi mbegu gani, aamke saa ngapi, auze lini: hilo ni furushi lake. Ni sehemu ya utu wake. Adamu alipewa kazi ya kulima bustani na kuitunza kabla dhambi haijaingia (Mwanzo 2:15). Kazi hiyo ilikuwa heshima kabla haijawa jasho.

Basi kosa liko pande mbili. Anayemwambia mtu aliyelemewa na ukame ajitegemee, amemwachia uzito usiobebeka na mtu mmoja. Na anayemfanyia mtu kila kitu, hadi kumwamulia, amemnyang'anya furushi lake. Wa kwanza amekosa upendo. Wa pili anao upendo, lakini amekosa heshima.

Mkate unaookoa na mkate unaonunua

Tusome Mwanzo 47 pole pole. Kwa kawaida tunapohubiri habari za Yusufu tunaishia pale anapojitambulisha kwa ndugu zake, tunalia kidogo, tunasema amina. Hatufiki kwenye ghala.

Njaa ilipozidi, watu walileta fedha kwa Yusufu wakapewa nafaka. Fedha ikaisha. Wakaleta mifugo: farasi, kondoo, ng'ombe, punda. Mifugo ikaisha. Mwaka uliofuata wakaja wakasema kwamba hawajabakiwa na kitu ila miili yao na mashamba yao, wakaomba vyote vichukuliwe ili wapewe chakula na mbegu. Yusufu akainunua nchi yote iwe ya Farao. Akawapa mbegu, akawawekea sharti la kutoa sehemu moja ya tano ya mavuno. Na watu wakashukuru kwa kuwa wamewaokoa maisha yao.

Simlaumu Yusufu. Bila yeye wangekufa. Lakini Biblia haifichi hesabu: watu walioingia njaa wakiwa na mashamba yao walitoka humo wakiwa hai, wameshiba, na si huru. Hakuna aliyewapiga. Walishibishwa tu, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka walitoa kitu kimoja zaidi.

Baadaye Mungu anapowapa Israeli sheria, anasema nchi isiuzwe kabisa, kwa kuwa nchi ni yake (Walawi 25:23). Anaweka mwaka wa yubile ili jamii iliyopoteza shamba ilirudie. Mungu aliyelisha watu kwa mkono wa Yusufu hakutaka watu wake waishi hivyo milele.

Leo hatununui watu na ghala la Farao, lakini mfuatano ule ule tunaujua. Mkulima wa Trans Nzoia au Bungoma anavuna mwisho wa mwaka. Karo inakaribia, deni la agroveti linadai. Anauza mahindi wakati kila mtu anauza, bei ikiwa chini kabisa. Ikifika mwezi wa tano anayanunua mahindi yale yale kwa gorogoro, bei imepanda. Mwezi wa tatu alikopa mbegu na mbolea ya duka, kwa sababu mbegu ya chotara ukiirudisha shambani haizai kama mwaka wa kwanza. Na shamba lililomwagiwa DAP mwaka baada ya mwaka, bila samadi wala chokaa, udongo wake unazidi kuwa na asidi, na udongo wa asidi unazuia mmea kutumia hata ile mbolea iliyowekwa. Anaongeza mfuko, anapata kidogo. Sisemi mbegu ya chotara ni dhambi, wala fatalaiza. Zimelisha wengi. Nasema mtu ambaye kila Machi lazima apewe ndipo apande, yuko mahali fulani katika Mwanzo 47, na sisi tunaompa tujue yuko wapi.

Boazi na masuke yaliyoachwa

Sasa angalia njia nyingine. Walawi 19:9-10 inamwagiza mwenye shamba asivune hadi pembeni, wala asirudi kuokota masazo; hayo ni ya maskini na mgeni. Agizo hili halisemi mwenye shamba avune yote kisha apeleke gunia kwa mjane. Linasema aache, na mjane aje mwenyewe.

Ruthu akaja. Alifanya kazi tangu asubuhi, akapura alichookota, akapata kama efa moja ya shayiri (Ruthu 2:17). Na Boazi akafanya jambo zuri sana. Aliwaambia vijana wake wachomoe masuke mengine kutoka katika miganda wayaache makusudi, na wasimkemee (2:16). Ruthu aliongezewa bila kuaibishwa. Alirudi kwa Naomi na chakula alichokishika kwa mikono yake. Boazi alibeba *baros*, akamwachia Ruthu *phortion*.

Tena kumbuka: masazo yale hayakuwa hisani ya Boazi. Yalikuwa haki ya Ruthu kwa sheria ya Mungu. Boazi hakuhitaji kupigwa picha.

Matuta ya lazima na matuta ya hiari

Hebu tuje nyumbani. Historia ya nchi yetu imeliweka jambo hili wazi kuliko mahubiri mengi.

Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliitazama Machakos wakaona nchi inayokufa: makorongo, vilima vitupu, udongo unakwenda na maji. Dawa yao ilikuwa amri. Mwaka 1938 walichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ili kupunguza mifugo. Muindi Mbingu akawaongoza watu hadi Nairobi kulalamika, na serikali ikalazimika kulegeza. Upande wa Murang'a watu walilazimishwa kuchimba matuta chini ya usimamizi wa machifu. Kati ya 1947 na 1948 wakakataa, kina mama wakiwa mstari wa mbele. Si kwamba matuta ni mabaya. Tuta linazuia udongo hata likichimbwa kwa kiboko. Lakini mtu halitunzi tuta ambalo si lake.

Sasa tazama Machakos hiyo hiyo baadaye. Watu wenyewe, katika vikundi vya mwethya, walichimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo unautupa upande wa juu, na kadiri miaka inavyopita shamba linajitengeneza kuwa ngazi. Maji yanasimama, yanazama, hayakimbii na udongo wako. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulilinganisha eneo lile kutoka 1932 hadi 1990. Watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na bado mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamepanda. Nchi ile iliyohesabiwa kuwa imekufa ilifufuka ikiwa na watu wengi zaidi.

Na hapa kuna neno la kwetu sisi wa mjini. Sehemu ya pesa zilizojenga matuta yale ilitoka kwa watu waliokuwa na kazi Nairobi na kwingineko, wakituma nyumbani. Pesa ya mjini iliingia kwenye udongo, ikakaa. Haikupita tumboni tu.

Shilingi mia tano ya unga na shilingi mia tano ya kumlipa kijana achimbe mtaro ni pesa ile ile kwenye simu. Lakini moja itaombwa tena wiki ijayo.

Jirani mwema shambani

Yako maarifa ambayo Mungu ameyaweka karibu nasi. Kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, wanasayansi wa ICIPE pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walianzisha katika miaka ya 1990 njia inayoitwa sukuma-vuta. Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu. Harufu yake inawafukuza nondo ambao funza wao hutoboa mabua. Kuzunguka shamba unapanda nyasi ya nepia au brakiaria, ambayo inawavuta nondo hao watage huko. Desmodiamu hiyo hiyo inazuia lile gugu la striga ambalo Waluo huliita kayongo, linalonyonya mizizi ya mahindi. Inarutubisha udongo, na ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe anatoa maziwa na samadi. Samadi inarudi shambani.

Kule Zimbabwe, kuanzia miaka ya 1980, mkulima Mkristo aitwaye Brian Oldreive alianza kulima bila kupindua udongo, akifunika ardhi kwa majani makavu kama alivyoona msituni, ambako hakuna anayelima na bado miti inastawi. Mafundisho hayo yamefika makanisa mengi ya Afrika, na matandazo yale huitwa blanketi la Mungu. Hapa kwetu, Wangari Maathai na Green Belt Movement tangu 1977 waliwapa kina mama malipo kidogo kwa kila mche uliopona. Sikia vizuri: uliopona. Malipo yalimfuata yule aliyetunza, na ujuzi ukabaki mikononi mwake.

Lakini tusidanganyane. Njia hizi si za bure. Kuchimba matuta kunavunja mgongo. Desmodiamu msimu wa kwanza inahitaji palizi ya makini, na faida yake haionekani haraka. Majani ya kutandaza shambani ndiyo yale yale ng'ombe anayataka. Mtu mwenye njaa hawezi kungoja misimu miwili. Na ndiyo maana hapa pa mwanzo ndipo msaada wetu unahitajika kuliko popote. Kujitegemea kuna gharama ya kuanzia, na maskini hana. Hilo nalo ni *baros*.

Majibu kwa wanaopinga

Ndugu mmoja atasema: mtoto analia njaa leo, wewe unamhubiria samadi? Ana haki. Yakobo 2:15-16 inatukemea tukimwambia mtu akashibe bila kumpa chakula. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: kwanza watu wale. Hakuna fundisho kabla ya sahani. Lakini sahani isiwe ndiyo mwisho wa mawazo yetu. Tukimlisha mtu miaka mitano bila kumwuliza shamba lake linaumwa nini, tumemlisha bila kumwona.

Mwingine atasema: asiyefanya kazi asile, imeandikwa. Ndiyo, lakini soma vizuri 2 Wathesalonike 3:10. Inamsema yule *asiyetaka* kufanya kazi. Haimsemi mama anayeamka saa kumi na moja na bado analala njaa. Mithali 13:23 inatuambia kwamba shamba la maskini linaweza kutoa chakula kingi, ila kinapotea kwa sababu ya udhalimu. Umaskini mwingine hautoki shambani, unatoka barabarani na sokoni. Mwaka 2024 nchi nzima ilisikia habari za mbolea bandia iliyouzwa kwa wakulima. Kanuni za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, na bado lumbesa inaonekana. Mkulima anajaza gunia mpaka linafungwa kilemba kwa kamba, analipwa kama gunia moja.

Na hapa niseme kwa upendo. Kanisani kuna wakulima, na kanisani kuna madalali. Tunaimba pamoja. Ikiwa wewe unanunua kwa lumbesa Jumanne na kutoa sadaka ya wahitaji Jumapili, Mithali 11:1 inakuhusu. Mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Huenda mkulima yule asingehitaji gunia letu la msaada kama angelipwa kwa gunia lake halali.

Mwingine atauliza: kujitegemea si kiburi? Si tunapaswa kumtegemea Bwana? Kumbukumbu la Torati 8:17-18 inajibu. Tusiseme nguvu zetu ndizo zilizotupatia utajiri, kwa maana ni Mungu anayetoa nguvu za kuupata. Maana yake Mungu anatoa nguvu, hazitoi tu gunia. Mkulima ambaye hana deni la dalali hajaacha kumtegemea Mungu. Ameacha kumtegemea Farao. Mvua bado ni ya Bwana. Inanyesha juu ya shamba la matuta na shamba la makorongo, bila upendeleo. Tofauti ni kiasi gani kinabaki.

Kuna jambo la mwisho, na linatuhusu sisi wahubiri. 2 Wakorintho 9:10 inamtaja Mungu anayempa mpanzi mbegu, tena anayetoa mkate wa kuliwa. Mbegu na mkate ni vitu viwili. Mbegu ya kupanda si ya kula, na nathubutu kusema, si ya madhabahu pia. Tumesikia mahali mahali mjane akihimizwa alete mwisho wake wote kama mbegu ya imani, akaingia msimu wa mvua bila debe la kupanda. Yesu alimsifu mjane aliyetoa senti zake mbili, lakini mistari michache kabla ya hapo aliwakemea walimu wanaokula nyumba za wajane (Marko 12:40-44). Tusisome moja tukaruka nyingine. Malimbuko ni ya mavuno. Huwezi kutoa malimbuko ya shamba ambalo halikupandwa.

Maswali matatu kabla ya kutuma

Basi tunafanya nini? Napendekeza kila nyumba, na kanisa pia, tujiulize maswali matatu kabla hatujatoa msaada wowote kwa mkulima.

La kwanza: nani ameamua? Je, nilimpigia simu nikamwuliza shamba linahitaji nini, au nilimwamulia kwa sababu pesa ni yangu? Mtu aliyeishi kwenye udongo ule miaka arobaini anajua maji yanapita wapi. Mzee wako nyumbani si kibarua wako.

La pili: mwakani atahitaji kidogo zaidi ya mwaka huu, au zaidi? Mbuzi wa samadi, mtaro, tangi la maji, mbegu za kunde na mtama anazoweza kuhifadhi mwenyewe, ghala la kumwezesha angoje bei ipande: hivi vinapunguza kuomba. Mahindi ya msaada yanajaza siku, na siku nyingine lazima zijazwe, lakini hayapunguzi.

La tatu: mwisho wa siku nani atashukuriwa? Ikiwa moyoni natamani aendelee kunihitaji ili niitwe mkubwa wa ukoo, huo msaada ni wangu mwenyewe, si wake. Swali hili ni gumu kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kulijibu kwa niaba yako.

Wapendwa, mfuko wa chakula wa kanisa hautafungwa. Penye njaa tutapeleka chakula, na hatutamhoji mtu kabla hajala. Lakini tukishapeleka tutarudi tena, na safari hiyo twende na majembe na masikio. Vijana wetu wenye nguvu wanaweza kutoa Jumamosi mbili kuchimba mitaro kwa wajane wa kanisa, vile mwethya walivyofanya. Ndugu walio na biashara ya nafaka wanaweza kukubaliana mizani moja. Na sisi tunaotuma M-Pesa tunaweza kuanza kwa kuuliza kabla ya kubonyeza.

Mvua ndefu ziko karibu. Kila mmoja afikirie jina la mtu mmoja mwenye shamba, aombe kwa ajili yake juma hili, kisha ampigie.

Tuombe: Ee Bwana, mwenye nchi na vyote viijazavyo, tufundishe kuinua mzigo unaomwua ndugu yetu, na kuheshimu ule uliompa wewe. Tuondolee kiburi cha anayetoa na aibu ya anayepokea. Bariki udongo, bariki mikono, leta mvua kwa wakati wake. Kwa jina la Yesu. Amina.